Hita ya Mama Mkwe

Mama mmoja wa Uriri ameniandikia kupitia gazeti hili akiniuliza kama nina akili timamu. Mama, swali lako ni la haki. Soma ya leo, halafu niandikie tena.

Kama gazeti la wiki jana lilifungiwa samaki kabla hujalisoma, mambo ni haya. Mimi ni Dishon, fundi wa hita za gesi, ile mitambo ya kupasha maji ya kuoga. Nilifukuzwa karakana hapa Homa Bay, nikamficha mke wangu. Mwezi mzima nilitoka asubuhi na mkoba wa spana, nikaenda kukaa kando ya ziwa nikitazama watu wenye kazi zao. Jioni nilirudi nikijinyoosha mgongo eti nimechoka. Pamela alipojua hakugombana. Aliniambia mume asiye na kazi anamweza, mume mwongo hamwezi. Akafunga sanduku, akaenda kwa mama yake Migori.

Hapo ndipo nilipowaacha. Sasa endeleeni kunicheka.

Miezi miwili nilikaa peke yangu. Pamela aliniachia sufuria moja, nami nikawa nakula humo humo, nimesimama, kwa sababu kukaa mezani bila mtu mbele yangu kulinishinda. Nilifika mahali nikawa namsimulia paka wa jirani habari za siku. Usicheke sana. Upweke ukikupata na wewe utatafuta paka wako.

Vibarua nilipata, sikatai. Wazungu wengi walikuwa wamekwenda zao baada ya uhuru, na hita zao zimebaki ukutani. Wenye nyumba wapya walizipenda lakini waliziogopa. Ikilia puu kidogo tu, mtu anakimbia na taulo mpaka barabarani. Nilikwenda, nikarekebisha, nikashukuriwa, nikarudi kwa paka.

Halafu mwezi wa nne, mvua zikiwa zimeshika, ikaja barua kutoka Migori.

Haikuwa ya Pamela. Ilikuwa ya mama yake, Mama Leonida, mkunga ambaye amezalisha wanawake wa karibu nusu ya tarafa ile. Alinunua nyumba ya Mzungu wa kilimo pamoja na hita yake. Aliandika kwamba hita inazimikazimika, kwamba ana wiki mbili anaoga maji ya baridi na mifupa yake haimruhusu, na kwamba fundi mwingine aliyesikia habari zake yuko Kisumu. Chini kabisa akaongeza mstari mmoja. "Ukimaliza hiyo, tutazungumza habari za nyumba yako."

Mstari huo niliusoma mpaka karatasi ikalegea. Asubuhi yake nilikuwa kwenye basi.

Pamela ndiye aliyenifungulia mlango. Alikuwa amekonda kidogo, au labda nilikuwa nimesahau. Alinisalimia vizuri, akanipa maji ya kunawa, akaniwekea chai, akaenda zake jikoni. Nilitaka kumwambia nimekukumbuka. Nilimwambia chai ina sukari ya kutosha.

Mama Leonida akanieleza ugonjwa wa hita. Kuna mwali mdogo unaokaa ukiwaka ndani siku zote, mimi huuita mlinzi, kwa sababu ndio unaowasha moto mkubwa ukifungua bomba la maji. Huyo mlinzi alikuwa anakufa. Ukimwasha, unaoga nusu, anakufa. Mwisho wakachoka wakaiacha.

Nikauliza hita iko wapi. Mama akainua kidole.

Hita ilikuwa bafuni, na mlango wa bafu ulikuwa ndani ya chumba cha kulala cha Mama Leonida. Njia nyingine hakuna. Mzungu alijijengea hivyo.

Kwetu Wajaluo, mkwe hakanyagi chumba cha maro, yaani mama mkwe wake. Sebuleni atakaa, atachinjiwa kuku, ataheshimiwa. Mlango ule wa ndani kwake haupo. Hata paa lake hapandi. Ukivunja hilo, utazeeka ukisimuliwa.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo naungama. Yule mama alikuwa amejiandaa. Alikuwa amekitoa kitanda chake mpaka sebuleni, nguo zote amezihamisha, chumba kimebaki kuta na sakafu. Akaniambia kwa upole, "Mwanangu, mimi ni mtu wa kanisa, na aibu yangu iliishia kwenye kazi ya ukunga. Hicho si chumba tena. Ingia ufanye kazi."

Ningeingia, hadithi hii isingekuwepo.

Nilitazama chini, nikasema, "Mama, siwezi. Wewe ni maro wangu."

Halafu nikaona uso wake unalainika, uso ambao tangu harusi haujawahi kulainika kwa ajili yangu. Akamwita Pamela, akamwambia mbele yangu kwamba mkwe huyu ana adabu kuliko alivyofikiri. Akatoka hadi duka la jirani, la Bwana Ryoba, Mkuria mmoja mwenye simu na maneno mengi, akamwambia na yeye. Nilimsikia kupitia uzio.

Nilivimba kichwa. Miezi miwili nilikuwa mwongo, leo nina adabu. Baada ya hapo, hata kama mngenifunga kamba msingeniingiza chumba kile.

Nikaamua kuitengeneza kutoka nje.

Mtungi wa gesi ulikuwa nje, umeegemea ukuta. Huko nilifanya kazi safi, hakuna atakayenikosoa. Nilibadilisha mpira wa gesi uliokuwa umepasuka. Nilipaka povu la sabuni kwenye kila kiungo, sikuona hata kimoja kikitoa mapovu. Juu ya mtungi kulikuwa na dirisha dogo la bafu, na Pamela akaingia ndani kwa niaba yangu. Basi tukawa tunaongea kupitia dirisha, mimi simwoni yeye, yeye hanioni.

Nilimwelekeza afungue wapi, abonyeze wapi, aweke kiberiti wapi. Alielewa upesi. Mlinzi akawaka. Dakika mbili, akafa. Tukamwasha tena, akafa tena.

"Dirisha hili huwa mnaliacha wazi?" nikamuuliza.

Akasema ndiyo, siku zote. Na upepo wa mvua ulikuwa unavuma kweli, ukinipiga mgongoni na kuingia humo dirishani. Nikamwambia ugonjwa ni huo, upepo ndio unaomuua mlinzi. Nikamwambia alizibe dirisha kwa gunia, alikaze vizuri.

Lakini kabla hajaliziba nikamuuliza rangi ya moto.

"Buluu," akasema.

"Yote?"

"Juu kuna njano."

"Njano kubwa?"

"Kama ulimi wa paka."

Mtu mwingine yeyote wa kazi yangu angesimama hapo. Moto wa gesi ukipata hewa huwa buluu. Ukiona njano, jua hewa haitoshi, au bomba la moshi limeziba juu ya paa na moshi unarudi ndani ya nyumba. Moshi huo hauna rangi wala harufu. Unamlaza mtu, na yeye hajui kama amelala.

Na niliinua macho. Juu ya paa, kwenye mdomo wa bomba la moshi, nilimwona shomoro ametua na unyasi mdomoni. Akaingia ndani, akatoka bila unyasi. Wiki mbili hita haikuwashwa, na shomoro walikuwa wamejipatia nyumba.

Nilimwona kwa macho yangu haya.

Dawa yake ilikuwa kupanda paa la maro, au kuingia chumba cha maro na kufungua bomba kwa chini. Yote mawili nilikuwa nimeshayakataa na kusifiwa. Ningeweza kumwambia Mama amwite fundi wa Kisumu. Lakini fundi wa Kisumu angetengeneza hita, na mimi ningezungumza habari za nyumba yangu nikiwa nimetengeneza nini?

Nikamwambia Pamela njano kidogo si neno, itaisha yenyewe.

Halafu akaniuliza kitu kisichohusu hita. Aliniuliza kama chumba chetu bado kinavuja upande wa kitanda. Nikamwambia nimeziba.

"Kweli?"

"Kweli. Nimeziba kwa lami."

"Siku hizi kila neno lako lazima niulize mara mbili," akasema. Hakuwa na hasira. Ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka kulala peke yake, na mimi sauti hiyo naijua. "Basi nikuulize mara mbili na hili. Hita umeitazama vizuri?"

Nikajibu, "Nimeitazama."

Ndipo akaliziba dirisha. Nililiona gunia likiingia, kona hii, kona ile, mpaka sikusikia tena pumzi zake. Mlinzi hakufa. Mama Leonida akaoga maji moto siku hiyo hiyo, haraka haraka, akatoka akiimba.

Tulikula kuku. Mezani Mama akasema Jumamosi atamleta binti yake Homa Bay yeye mwenyewe, na kwamba mtu anayemheshimu mama mkwe hivi hawezi kukosa heshima kwa mke. Pamela alikuwa anatazama sahani. Aliponisindikiza kwenye basi akanitengeneza kola ya shati.

Jamani, kama mmewahi kusubiri Jumamosi mtanielewa. Nilifagia chumba mpaka chini ya kitanda. Nilinunua sufuria mbili na shuka. Niliweka vikombe viwili mezani tangu Jumatano, na kila nikipita navisogeza karibu kidogo. Shomoro alinijia kichwani mara mbili tatu. Nilimfukuza. Nilijiambia Mama ameshaoga na hajapata kitu. Nilijiambia Pamela akishatulia nitapanga mtu mwingine apande paa lile, kimya kimya. Nilikuwa na mipango mizuri.

Jumamosi saa tano basi la Migori likaingia. Nilikuwa nimevaa shati lile lile, ili kola iwe ile ile.

Watu wakashuka. Akashuka mwalimu na mikeka yake, wakashuka masista wawili waliokuwa wakielekea Asumbi. Mwisho akashuka Caleb, kaka yake Pamela, peke yake, kofia mkononi.

Nilitazama nyuma yake mpaka kondakta akafunga mlango.

Caleb alinisalimia, akaniambia nisiwe na wasiwasi, Pamela atakuja, ila si leo. Mama aliugua ghafla Alhamisi. Kichwa kilimuuma sana, akatapika, akaanguka. Wamempeleka hospitali, wenye kujua wanasema ni malaria, na sasa anaendelea vizuri, jana amekunywa uji.

"Alianguka wapi?" nikamuuliza.

"Bafuni. Bahati nzuri mlango wake haukuwa umefungwa, Pamela akamvuta nje. Alipopata hewa akafumbua macho."

Nikamuuliza kama gunia bado liko dirishani. Akashangaa nimelijuaje gunia. Akasema liko, na kwamba Pamela ameongeza blanketi juu yake kwa sababu ya mvua, Mama akirudi asipigwe na baridi.

"Na Pamela mwenyewe yuko wapi sasa hivi?"

Caleb akasema siku mbili hizi alilala hospitali kwenye kiti. Leo asubuhi walitoka pamoja, yeye akapanda basi, Pamela akaenda nyumbani kuoga na kuchukua nguo za Mama. "Hajaoga siku mbili," akasema. "Alikuwa anaota maji moto."

Nilianza kukimbia. Caleb akanifuata, anauliza kuna nini, kuna nini. Tulipita soko, tukapita mizani ya samaki, tukaingia posta na matope mpaka magotini.

Kulikuwa na foleni ya watu kumi hivi. Niliwapita wote. Mwanamke wa simu, Mokeira, ambaye ananijua kwa sababu nimemtengenezea jiko la gesi, aliniangalia usoni akaacha kuuliza maswali. Nikamwambia duka la Ryoba, Migori. Akaanza kuunganisha. Ilibidi apitishie mahali pawili, na kila mahali walikuwa wanasalimiana.

Nikahesabu. Basi limechukua karibu saa tatu. Kutoka hospitali hadi nyumbani ni mwendo mfupi. Atakuwa alifagia kwanza. Pamela haogi kabla ya kufagia. Atakuwa alizipiga pasi nguo za Mama. Nikaomba Mungu pasi imkatae.

Ryoba akaitika. Laini ilikuwa mbaya, nikalazimika kupaza sauti. Nikamwambia aniitie Pamela upesi. Akasema ngoja, akaweka simu kwenye meza ya duka. Nilimsikia akienda, nikamsikia akirudi.

"Fundi, mkeo yuko bafuni," akasema. "Nimegonga dirisha lile lenye gunia. Maji nayasikia yanamwagika. Nimeita mara tatu, hajaitika. Labda ana sabuni masikioni."

"Vunja mlango."

"Mlango wa nani?"

"Wa chumba. Wa bafu. Vyote. Mtoe nje."

Ryoba akasema polepole, kama mtu anayeogopa kesi, kwamba kile ni chumba cha Mama Leonida, na kwamba ni mimi mwenyewe niliyekataa kukiingia kwa heshima, mtaa mzima unajua. Yeye aingie akimvunjia mwanamke mlango bafuni, kwa sababu gani?

Foleni yote ilikuwa imenigeukia. Caleb alikuwa amesimama begani kwangu, kofia bado mkononi. Nilijua nikisema, Pamela hatarudi kwangu. Nilijua pia kwamba nikinyamaza, hatarudi kwa mtu yeyote.

Nikasema kwa sauti ambayo nadhani walinisikia mpaka sokoni, "Hita inamuua. Bomba la moshi limezibwa na ndege, na mimi niliona. Hilo gunia ni mimi niliyesema litiwe. Hita hiyo ndiyo iliyomwangusha Mama."

"Lakini ulisema umeitazama," Ryoba akasema. "Nilikusikia kupitia uzio."

"Sikuitazama. Nilidanganya."

Nilimsikia Ryoba akivuta pumzi. "Na nikimkuta mzima," akasema, "nimwambie ni nani aliyenituma?"

"Mwambie ni mimi. Mwambie sikuitazama."

Simu ikagonga meza. Mbio zake zikaenda, zikaisha.

Nikabaki nimeishika kwa mikono miwili. Nilisikia duka lisilo na mtu. Mvua ilianza juu ya bati. Mteja akaingia, akaita Ryoba, Ryoba, akaita tena, akachoka, akatoka. Mbali sana nikasikia mbao ikipasuka, au labda nilitaka kuisikia.

Nikageuka kumtafuta Caleb, nimshike mkono tu. Alikuwa amesogea mpaka ukutani. Watu wote walikuwa wamesogea. Mokeira alikuwa anatazama karatasi zake. Pale kwenye meza ya simu nilikuwa nimesimama peke yangu, na nafasi kunizunguka pande zote.

Halafu kule Migori mtu akaichukua simu. Nilisikia ikikwaruza meza, nikasikia mtu anahema karibu kabisa na sikio langu.

Nikaita, "Ryoba."

Hakujibu.

Nikaita jina la mke wangu. Pumzi zile nilizijua, ni zile zile nilizozisikia dirishani kabla ya gunia, na aliendelea kuhema bila kusema neno.